Kinga ya Difu: Bamba la Chuma Linalolinda Safari ya Mgonjwa

Mvua za masika zinapopungua, barabara nyingi za vijijini hubaki na mifereji miwili ya matairi na tuta la udongo na mawe katikati. Kwa gari la wagonjwa linalopita hapo usiku, hatari si tope peke yake. Jiwe moja lililochomoza kwenye tuta hilo linaweza kulisimamisha gari kilomita kadhaa mbele, mgonjwa akiwa ndani, na dereva asijue kilichotokea.

Sehemu inayopata pigo hilo mara nyingi ni difu, lile umbo la chuma mfano wa chungu lililo kwenye ekseli, kati ya matairi mawili. Ndani yake mna pinioni inayopokea nguvu kutoka propela shafti, na krauni inayoielekeza nguvu hiyo kwenye matairi. Mna pia gia ndogo zinazoruhusu tairi la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Gia zote hizo hutegemea oili nzito iliyomo humo.

Kwa nini difu huumia

Katika magari yenye ekseli nzima, kama Toyota Land Cruiser za toleo la 70 zinazotumika sana katika huduma za afya vijijini, difu huwa karibu na ardhi kuliko sehemu nyingine nyingi za gari. Kuinua springi hakusaidii, kwa kuwa springi huinua bodi huku ekseli ikibaki palepale. Tairi kubwa huinua difu, lakini kwa nusu tu ya ongezeko lake: kipenyo kikizidi kwa sentimita 5, difu hupanda sentimita 2.5.

Jiwe likigonga, linaweza kubonyeza kifuniko hadi kikaribie krauni, kupasua maungio yaliyochomelewa, au kuharibu nati ya kumwagia oili. Oili huvuja polepole, na magari mengi hayana taa ya kumtahadharisha dereva juu ya upungufu huo. Gia zikikosa oili hupata moto, hulika, na hatimaye huvunjika meno.

Kinga inavyofanya kazi

Kinga ya difu ni bamba la chuma, aghalabu lenye unene wa milimita 4 hadi 6, linalokunjwa kufuata umbo la difu na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti. Bamba hupokea pigo, kisha huliwezesha gari kuteleza juu ya jiwe badala ya kunasa. Ndiyo maana ncha yake ya mbele huinuliwa kama omo la ngalawa.

Bamba zuri huacha nafasi kati yake na difu, huwa na matundu ya kutoa tope na maji, na huacha wazi nati ya oili. Bamti jembamba lililokatwa kwenye pipa kuukuu hujikunja, na pigo huifikia difu vilevile. Aidha, si vyema kuchomelea bamba moja kwa moja kwenye ekseli, kwa kuwa joto la kuchomelea linaweza kuipinda.

Hata hivyo, bamba halizuii maji. Difu yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta hewa kupitia kipumulio chake. Kipumulio kikiziba, maji huweza kuingia kupitia sili, na kikiwa chini, huweza kuingia kupitia kipumulio chenyewe. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ni dalili ya hali hiyo, nayo yapasa kubadilishwa mapema.

Dereva naye hubaki na wajibu wake: kupunguza mwendo, na kulikanyaga jiwe kwa tairi inapowezekana badala ya kulipitisha katikati ya gari. Baada ya safari ngumu, bolti zikazwe na tope lililokwama liondolewe.

Nafasi ya mwananchi

Tangu mwaka 2017, barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mwananchi anayeona jiwe lililochomoza au mfereji uliozidi kina anashauriwa kumjulisha Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ili taarifa ifikishwe kwa Wakala huo. Katika kazi za kujitolea, mawe yasirundikwe katikati ya barabara. Yajazwe kwenye mifereji na kushindiliwa, na tuta lisawazishwe.

Ushauri huu unawahusu pia wenye magari binafsi, hasa madereva wa jamii wanaosafirisha wajawazito kupitia mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Gari likiharibika njiani, mama aliye ndani hana njia nyingine ya kufika hospitali kwa wakati. Kukagua difu kabla ya masika ni kazi ya muda mfupi. Kusubiri gari la pili usiku kunaweza kugharimu uhai.