Chukudu: neno lililozaliwa ku barabara

Kwetu Burungu, unasikia chukudu mbele ya kuiona. Inashuka na mifuko ya biazi ao makala, magurudumu ya mbao yanagonga mawe: chuku-du, chuku-du. Wazee wanasema jina lilitoka mu sauti hiyo, na masikio yetu yanakubali.

Kiswahili kimezoea kuzaa maneno namna hiyo. Pikipiki ilipewa jina na mlio wake, na hakuna mwalimu anayekata mtoto pointi juu ya "pikipiki". Lakini mtoto akiandika "chukudu", kuna mwalimu atapitisha kalamu nyekundu: andika mkokoteni! Ndugu wasomaji, sivyo. Mkokoteni unatoka ku kukokota, ni kusema kuvuta. Chukudu haivutwi. Ku kilima unaisukuma. Ku tambarare unaweka goti juu ya ubao, mguu mwingine unapiga chini. Ku mtelemko unaipanda. Kifaransa nacho kinaiita trottinette, jina la kitu cha kuchezea. Nani anacheza na mifuko ya biazi mpaka Goma?

Sasa sarufi. Tunasema "chukudu yangu imevunjika", sawa na meza yangu, radio yangu. Ni ngeli ambayo Kiswahili kinapokelea vitu vipya. Zikiwa nyingi, wengine wanasema "chukudu zetu", wengine "machukudu yetu", na wote wanasikilizana. Mwenye kuiendesha ni chukudeur: kichwa ni mlio wa mbao, mkia ni wa Kifaransa, kama ule wa chauffeur. Wakiwa wengi wanakuwa bachukudeurs, na ba- ile ile ya batu na batoto. Neno moja, lugha mbili na mlio mmoja.

Goma imesimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu ku rond-point. Huku kwetu haina sanamu, iko na kazi. Vita ikifunga barabara, chukudu zinasimama, biazi vinaozea Masisi, na ku soko la Goma bei inapanda.

Kwa hiyo mtoto wa Burungu akiandika "Baba yangu ni chukudeur", mwalimu wetu, tafazali, weka kalamu nyekundu chini. Hakukosea. Ni kazi hiyo ilinunua ile kaye anayoandikia.