Fahamu: Peptidi za kuponya vidonda

Peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino, yaani vipande vidogo vya protini. Baadhi huua bakteria, nyingine huchochea seli za ngozi kuziba jeraha.

Chura aliingiaje hapa?

Mwaka 1987, Michael Zasloff wa Marekani alitangaza magainini, peptidi kutoka ngozi ya chura mwenye kucha wa Afrika. Aliona vyura aliowapasua wakipona bila usaha, ingawa aliwarudisha kwenye maji machafu. Jamaa za chura huyo wamo hata kwenye madimbwi ya magharibi mwa Kenya. (Kumsugua kidondani ni kujitafutia maradhi.)

Mbona si dawa bado?

Peksiganani, iliyotokana na magainini, ilijaribiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha.

Tatizo jingine ni kwamba majaribio mengi ya peptidi hufanywa kwa panya. Chini ya ngozi yake kuna msuli mwembamba unaovuta kingo za jeraha zikutane upesi. Kwetu binadamu, kidonda hutegemea zaidi nyama na ngozi mpya kuota. Ngozi ya nguruwe inakaribia zaidi yetu. BPC-157, peptidi inayouzwa sana mitandaoni, ushahidi wake mwingi ni wa panya.

Na mgonjwa wa Kitale au Bungoma, magharibi mwa Kenya, afanye nini?

Kwa mwenye kidonda cha kisukari, tiba inayojulikana ni ileile: kusafisha, kuondoa nyama iliyokufa, kuupumzisha mguu, kudhibiti sukari, na kwenda hospitali mapema.