Kukokota boti kwa pikapu: Mteremko wa Tukuyu hadi Ziwa Nyasa hauhitaji ubabe, unahitaji hesabu

ZIWA Nyasa halina njia ya maji ya kuliunganisha na bahari kwa vyombo vya usafiri. Maji yake hutoka kupitia Mto Shire kusini mwa Malawi, lakini mto huo una maporomoko ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapanda. Ndiyo maana boti yoyote inayoelea katika ziwa hilo ama iliundwa ufukweni hapo hapo, ama ilifika kwa njia ya nchi kavu.

Kwa upande wa Tanzania, njia kuu ya nchi kavu kuelekea kaskazini mwa ziwa hilo ni barabara ya Uyole, Tukuyu hadi Kyela. Ni barabara hiyo inayopita katikati ya Wilaya ya Rungwe, kwenye mashamba ya chai, migomba na viazi, na ndiyo inayotumiwa pia na malori yanayokwenda mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi.

Boti ndogo za faiba zinazotumika kwa uvuvi, doria, uokoaji na utalii katika fukwe za Matema na kwingineko hupita humo zikiwa juu ya tela. Mara nyingi gari linalovuta si lori, bali ni pikapu ya kawaida, ile ile ambayo jana yake ilibeba ndizi au makopo ya maziwa.

Swali ambalo mwenye pikapu hujiuliza kwanza ni kama gari lake lina nguvu ya kuvuta. Hata hivyo, kwa anayetoka Tukuyu kwenda ziwani, kuvuta si tatizo kubwa. Tatizo ni kuzuia.

Historia yenye mafunzo

Kusafirisha vyombo vya majini juu ya ardhi si jambo geni katika ukanda huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walileta meli yao ya Hermann von Wissmann ikiwa vipande vipande, ikapitishwa Mto Zambezi na Shire, na pale penye maporomoko vipande hivyo vikabebwa nchi kavu. Meli hiyo ilianza kazi katika Ziwa Nyasa mwaka 1893, na Agosti 1914 ilitekwa na kuharibiwa na meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu mahali panapoitwa leo Liuli.

Tukuyu yenyewe ina uhusiano na habari hiyo. Kituo cha utawala cha Wajerumani kilichoitwa Langenburg kilikuwa awali kando ya ziwa. Baadaye kilihamishiwa mlimani, na mji huo ukaitwa Langenburg Mpya kabla ya kurudi kwenye jina la wenyeji.

Mwaka 1915, Waingereza walifanya jambo la kushangaza zaidi katika Ziwa Tanganyika. Boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 12, zilitolewa Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapakiwa kwenye treni hadi Katanga, kisha zikavushwa Milima ya Mitumba zikivutwa na mashine za mvuke pamoja na maksai. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani ya Kingani.

Safari hizo zilifanikiwa kwa sababu wahusika walijua uzito wa mzigo wao na waliipima njia kabla ya kuanza. Kanuni hiyo haijabadilika.

Uzito halisi ni upi?

Wengi hukadiria uzito wa boti kwa kuitazama, na hapo ndipo kosa la kwanza linapotokea. Kinachokokotwa si boti tupu. Ni boti, injini yake, mafuta, nanga, kamba, maboya ya kujiokolea, na tela lenyewe.

Chukulia boti ya faiba ya mita tano yenye uzito wa kilo 450. Injini ya nguvu farasi 40 huongeza kilo zipatazo 80. Lita 60 za petroli ni kilo 45. Nanga, kamba, maboya na zana nyingine zikiwa kilo 75, na tela kilo 300, jumla inafika kilo 950. Boti iliyoonekana ya nusu tani sasa inakaribia tani moja, na hapo bado maji ya mvua hayajatuama ndani yake.

Kila mtengenezaji wa magari huandika katika kitabu cha gari uzito ambao gari linaweza kukokota. Huandikwa viwango viwili: kimoja kwa tela lenye breki zake, kingine kwa tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi, kiwango cha tela lisilo na breki hakizidi kilo 750, hata kama gari hilo hilo linaruhusiwa kukokota tani mbili au tatu zenye breki.

Kwa maana hiyo, boti ya mfano huu haipaswi kukokotwa na pikapu ya namna hiyo kwa tela lisilo na breki, hata kama injini ya gari inaivuta kwa urahisi. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili ya injini. Kiliwekwa kwa ajili ya breki.

Mita 1,000 za kushuka

Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, na barabara ya kutoka Uyole hupanda zaidi ya mita 2,000 eneo la Isongole kabla ya kuanza kushuka kuelekea Kiwira na Tukuyu. Kwa hiyo kutoka Tukuyu pekee hadi ziwani, gari hushuka mita zipatazo 1,000, katika safari isiyofika kilomita 100.

Pikapu yenye watu na mizigo ikiwa na kilo 2,250, ikiunganishwa na kilo 950 za tela, inakuwa na jumla ya kilo 3,200. Uzito huo unaposhuka mita 1,000, nguvu inayopaswa kumezwa njiani inatosha kuchemsha lita zipatazo 90 za maji ya baridi. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na upepo, matairi na injini. Inayobaki yote hugeuka joto ndani ya breki.

Breki zikipata joto kupita kiasi, lainingi na pedi hupoteza ukali wake. Kibaya zaidi, mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu huo huyafanya yachemke mapema. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedeli ikafika chini bila gari kupunguza mwendo.

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, hasa kati ya Novemba na Mei, na hewa yake ina unyevu kwa muda mrefu wa mwaka. Mafuta ya breki yasiyobadilishwa kwa miaka mingi ni hatari kwa gari lolote katika milima hiyo, na ni hatari maradufu kwa lenye tela.

Dawa yake inajulikana. Dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angeitumia kupanda mlima huo, ili injini ndiyo izuie gari. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachiwe zipoe, badala ya kuzikanyaga kidogo kidogo mfululizo. Tabia ya baadhi ya madereva ya kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta haina nafasi kabisa, kwa sababu huiondoa injini katika kazi ya kuzuia na kuziachia breki mzigo wote.

Tela lisilo na breki lina ubaya mwingine. Katika mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, tela la kilo 950 husukuma gari kwa nguvu ya kilo 76 wakati wote. Dereva akifunga breki ghafla kwenye kona yenye utelezi, msukumo huongezeka mara nyingi zaidi na huelekea pembeni. Matokeo yake ni gari na tela kukunjana mithili ya panga na mpini wake.

Gunia moja mbele

Jambo la pili ni namna uzito ulivyogawanyika juu ya tela. Sehemu ya uzito lazima ilalie ndoano ya gari, na kwa kawaida hupendekezwa iwe karibu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa tela la kilo 950 hiyo ni kilo 95, karibu sawa na gunia moja la mahindi.

Uzito wa mbele ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyozidi kulivuta gari. Boti huathirika zaidi kwa kuwa injini yake, ambayo ni nzito, huning'inia nyuma kabisa. Uzito wa mbele ukizidi, nyuma ya pikapu hudidimia, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza utii.

Kupima si kazi ngumu. Mizani ya kupimia mazao iliyopo katika masoko mengi ya Rungwe inaweza kuwekwa chini ya mdomo wa tela, tela likiwa sawasawa na ardhi. Ikionekana uzito ni mdogo, boti husogezwa mbele, au tangi la mafuta na nanga huhamishiwa upande wa mbele.

Tela likianza kuyumba njiani, dereva hapaswi kukanyaga breki kwa nguvu wala kuongeza mwendo. Anatakiwa kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe.

Ndoano na minyororo

Pikapu nyingi zilizotumika huingizwa nchini zikiwa hazina ndoano ya kukokotea. Wapo wanaochomelea pete ya chuma kwenye bampa na kuendelea na safari. Bampa halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndoano inapaswa kufungwa kwa bolti kwenye chesesi yenyewe, na ilingane kwa ukubwa na mdomo wa tela.

Chini ya ndoano hufungwa minyororo miwili iliyopishana, ili ndoano ikikatika tela libaki limeshikwa na gari. Katika barabara inayopita katikati ya masoko, shule na vijiwe vya bodaboda kama ya Kiwira na Tukuyu, tela lililokatika ni kifo cha watu wasiohusika kabisa na boti hiyo.

Taa za breki na za kuashiria kona lazima zionekane nyuma ya tela, kwani boti huziba zile za gari. Ukungu wa Isongole unaweza kushuka hata mchana. Watu wasipandishwe kwenye boti inayokokotwa, iwe kwa kushikilia mizigo au kwa kupewa lifti.

Ufukweni

Hatari haiishi gari linapofika Matema au Itungi. Baada ya mteremko mrefu, beringi za magurudumu ya tela huwa na moto. Zikitumbukizwa papo hapo kwenye maji, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ndani. Kutu huanza siku hiyo, na gurudumu huweza kuchomoka safari nyingine. Nusu saa ya kusubiri hutosha kuepusha hasara hiyo.

Mchanga nao ni mtego. Pikapu nyepesi isiyovuta kwa magurudumu yote manne hunasa kwa urahisi, kwa sababu tela hukandamiza magurudumu ya nyuma. Mbao chini ya matairi, kamba ndefu kati ya gari na tela, na mikono ya kutosha ni bora kuliko kurudisha gari hadi bomba la moshi liingie majini. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusi unapoinua mawimbi, wakati mzuri wa kushusha boti ni asubuhi mapema.

Boti iliyotoka ziwa jingine, kwa mfano Victoria ambako magugumaji yamesumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yapaswa kuoshwa na kukaushwa kabla ya kuingia Nyasa. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mabaki ya majani yaliyonasa kwenye tela yanatosha kuanzisha tatizo litakalodumu vizazi.

Safari ya kurudi

Kupanda kutoka ziwani kuna hesabu yake. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ikifika Isongole imebaki na nne ya tano ya nguvu ilizokuwa nazo usawa wa bahari. Rejeta safi, feni inayofanya kazi na mapumziko ya njiani ni sehemu ya safari hiyo.

Yapo mazingira ambayo jibu sahihi ni kutokokota kabisa. Mtumbwi mdogo ni salama zaidi ukifungwa juu ya karia la pikapu. Boti kubwa ni kazi ya lori. Vyombo vikubwa zaidi huundwa kando ya ziwa, kama ilivyokuwa kwa MV Mbeya II iliyoundwa wilayani Kyela.

Gharama ya kukodi lori inaweza kumuuma mwenye boti. Lakini akiiweka kando ya bei ya boti, pikapu na maisha ya watu walio chini ya mteremko, ataona ipi ni ndogo.