Uongozi katika Rundo la Swichi: Mfano wa Catalyst 3750

Rundo la swichi ni swichi mbili au zaidi zilizounganishwa kwa kebo maalumu ili zifanye kazi kama kifaa kimoja. Katika familia ya Catalyst 3750 ya kampuni ya Cisco, rundo moja huweza kuwa na swichi zisizozidi 9, nazo husimamiwa kwa anwani moja ya IP na faili moja la usanidi. Urahisi huo ndio unaowavutia wasimamizi wa mitandao. Hata hivyo, umoja huo hutegemea swichi moja iitwayo kiongozi, na namna kiongozi anavyopatikana haifai kuachwa ijiamulie yenyewe.

Kila swichi ina thamani ya kipaumbele kati ya 1 na 15. Ile ya kiwandani ni 1. Rundo zima likiwashwa kwa pamoja, swichi yenye thamani kubwa zaidi huchaguliwa. Thamani zikilingana, hutumika vigezo vingine, na cha mwisho ni anwani ndogo zaidi ya MAC. Yaani, msimamizi asiyeamua lolote huuacha uamuzi kwa namba iliyotolewa kiwandani, ambayo huenda ikawa ya kifaa kikongwe kuliko vyote. Amri ya switch 1 priority 15 huondoa bahati nasibu hiyo, ingawa haimwondoi kiongozi aliyepo: athari yake huonekana katika uchaguzi unaofuata.

Hatari kubwa zaidi hujitokeza wakati wa kuongeza swichi. Ikiunganishwa ikiwa imezimwa kisha ikawashwa, hujiunga kama mwanachama wa kawaida, na huduma haikatiki. Ikiunganishwa ikiwa tayari inafanya kazi, viongozi wawili hukutana na lazima mmoja ashindwe. Upande ulioshindwa hujizima na kujiwasha upya, kisha hufuata usanidi wa mshindi. Ichukuliwe swichi iliyotolewa stoo ikiwa bado na kipaumbele cha 15 tangu ilipokuwa kwingine, huku rundo linaloipokea likiwa na thamani za kiwandani. Mgeni huyo hushinda, na jengo zima hupoteza mtandao kwa sababu ya kifaa kilicholetwa kuongeza milango michache tu. Kufuta faili la usanidi hakutoshi kuzuia jambo hilo, kwa kuwa namba ya swichi na kipaumbele chake huhifadhiwa mahali pengine ndani ya kifaa.

Kuhusu kebo, kanuni ni fupi: swichi ya mwisho iunganishwe na ya kwanza ili mzunguko ufungike. Kebo moja ikikatika, rundo hubaki pamoja kwa nusu ya uwezo wa mawasiliano kati ya swichi. Ya pili ikikatika, rundo hugawanyika. Sehemu iliyotengwa hujichagulia kiongozi wake, na sehemu zote mbili hubaki na usanidi uleule, pamoja na anwani ileile ya IP. Msimamizi anayejaribu kuingia kwa mbali hawezi kuwa na hakika ni sehemu ipi inayomjibu.

Kwa kuwa mkatiko wa kwanza haumsumbui mtumiaji yeyote, hakuna atakayepiga simu kulalamika. Hali ya kila mlango wa rundo huonekana kwa amri ya show switch stack-ports, nayo yafaa iendeshwe kwa ratiba, kabla kebo ya pili haijakatika.