Ukubwa wa Sayari Darasani
Picha ya sayari inayomulikwa ukutani kwa projekta humpendeza mwanafunzi, lakini humdanganya: Jua na sayari zote hukaa bega kwa bega mithili ya wageni mkekani. Mwalimu na aizime kwanza mashine hiyo, ashike punje ya hindi yenye upana wa sentimeta 1. Iwapo hiyo ndiyo Dunia, Mwezi ni punje ndogo ya mtama iliyo umbali wa sentimeta 30, yaani rula moja. Mshtarii ni balungi. Nalo Jua ni duara la sentimeta 109 lililochorwa ubaoni. Mwenye punje hana budi kutoka nje, atembee meta 117. Neptune iko kilometa 3 na nusu. Huko hatumwi mtoto. Wakirejea, projekta iwashwe tena, na wanafunzi wenyewe waseme picha ile imeficha nini.