Taa Haili Mkondo, na Mpira Haubebi Kani

Kabla hujaandika chochote ubaoni, waulize wanafunzi wa kidato cha pili swali hili. Betri mbili za tochi zimeunganishwa na glopu mbili zinazofanana, moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya. Ipi itawaka zaidi? Wengi watasema ile iliyo karibu na upande chanya wa betri, maana mkondo wa umeme unaifikia ukiwa bado kamili, na ya pili inaambulia masalia. Unganisha waone. Zote mbili zinawaka sawasawa, kwa mwanga hafifu kuliko ule wa glopu moja ikiwa peke yake. Zigeuze betri upande wa pili, na bado hakuna kinachobadilika.

Wanafunzi hao si kwamba hawasomi. Huenda kanuni ya Ohm wameshaikariri, wanajua kwamba volti ni mkondo mara ukinzani, na ukiwapa tarakimu mbili watakutafutia ya tatu bila kukosea. Tatizo ni kwamba kanuni imewekwa juu ya picha iliyokuwamo kichwani tangu zamani, picha ya taa inayokula mkondo, na hakuna aliyeigusa picha hiyo. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa fizikia ni kuitoa hadharani. Asipoifanya, mwanafunzi atafaulu mtihani na picha yake itabaki palepale.

Jambo hili si la shule za kwetu peke yake. Roger Osborne na wenzake waliwahoji watoto wa New Zealand kuhusu betri na glopu, wakakutana na mawazo machache yanayojirudia: kwamba waya mmoja unatosha kuwasha taa, kwamba mikondo miwili inatoka pande zote za betri na kugongana ndani ya glopu, kwamba unaoingia ni mwingi na unaotoka ni mchache. Mwaka 1992 Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza matokeo ya swali walilowapa wanafunzi wa chuo: panga kwa mwangaza glopu moja iliyo peke yake, mbili zilizo mfululizo, na mbili zilizo sambamba. Waliopatia walikuwa kama asilimia 15. Naye Eric Mazur wa Harvard aliweka maswali mawili katika mtihani mmoja, la kwanza likiwa hesabu ndefu ya saketi, la pili likihusu betri, glopu chache na swichi, lisilohitaji hata kikokotoo. Wanafunzi wake walifanya vizuri zaidi katika lile la hesabu.

Wazo la taa kula mkondo lina chimbuko, na kwetu chimbuko hilo liko sebuleni. Mzazi ananunua yuniti za umeme za LUKU, taa zinawaka, yuniti zinapungua, na mwishowe ni giza. Kuna kitu kimetumika, na mtoto ana haki ya kuuliza ni kipi. Kilichotumika ni nishati. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani jouli 3,600,000, na taa ya wati 10 huimaliza kwa saa 100. Mkondo ni habari nyingine kabisa. Huo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani katika kila sekunde, na chaji zote zinazoingia kwenye taa hutoka upande wa pili. Zinaacha nishati, zenyewe zinaendelea na safari.

Walimu wengi huelezea haya kwa maji ya bomba. Mfano huo una kasoro, kwa sababu maji tunayoyajua hutoka bombani tukayatumia, na hilo ndilo wazo tunalotaka kuling'oa. Mnyororo wa baiskeli unafaa zaidi. Ukikanyaga pedali, pingili zote husogea pamoja, na idadi inayokwenda kwenye gurudumu la nyuma ni sawa na inayorudi. Gurudumu halimezi hata pingili moja, lakini kazi ya miguu yako inalifikia. Mfano huu nao una mpaka wake, na mwalimu autaje: mnyororo una njia moja tu, ilhali saketi inaweza kugawanyika na kuungana tena.

Mfano wa mnyororo unasaidia pia kujibu swali ambalo wanafunzi hulipenda: elektroni zina mwendo gani? Katika waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba unaopitisha ampea 1, elektroni husogea kwa wastani wa takriban milimita 0.07 kwa sekunde. Kumaliza mita moja zingechukua karibu saa nne. Taa huwaka papo hapo kwa kuwa elektroni zimejaa tayari katika waya wote, na ukibonyeza swichi zinaanza kusogea karibu wakati mmoja. Kwenye umeme wa majumbani, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hazisafiri kabisa; zinatikisika palepale zilipo.

Ushahidi mwingine kwamba vifaa havili mkondo unaweza kuwa ukutani. Kile kifaa cha kuzuia watu kupigwa shoti, chenye kitufe cha kujaribia kwenye ubao wa umeme, hufanya kazi ya kulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Mambo yakiwa salama miwili hiyo hulingana, hata kama pasi, jiko na friji vyote vimewashwa. Tofauti ikifika kama miliampea 30, maana yake sehemu ya mkondo imepata njia ya pembeni, pengine kupitia mwili wa mtu, na kifaa hukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde. Vifaa vingekuwa vinakula mkondo, umeme ungekatika kila mara mtu anapochomeka pasi.

Sasa turudi darasani. Richard White na Richard Gunstone wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliueneza utaratibu wa hatua tatu: tabiri, tazama, eleza. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mwanafunzi aandike utabiri wake kwa kalamu, pamoja na sababu, kisha ajadiliane na jirani yake kabla ya waya kuguswa. Aliyejifunga kwa maandishi huangalia jaribio kwa jicho la mtu mwenye hoja ya kutetea, tofauti na anayesubiri kuambiwa jibu ili alinakili. Darasa likiwa na wanafunzi 70 na seti moja tu ya vifaa, haidhuru: kila mmoja anyooshe kidole kimoja, viwili au vitatu kulingana na jibu lake, na mwalimu ataona kwa mara moja darasa limegawanyika vipi.

Vifaa ni vya bei ndogo, ila vina mitego. Tochi za siku hizi zina LED, na LED haifai kwa somo hili. Inapitisha mkondo upande mmoja tu, na ile nyeupe inahitaji karibu volti 3, hivyo mbili zikiwekwa mfululizo kwenye betri mbili za tochi hazitawaka hata kidogo. Tafuta glopu za uzi za tochi za zamani, zile za volti 2.5. Hakikisha ni za aina moja, maana zikitofautiana zikiwa mfululizo, yenye ukinzani mkubwa ndiyo itakayong'aa zaidi, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba utabiri wake umeshinda. Likitokea hilo, usilifiche. Zibadilishane nafasi glopu hizo. Mwangaza ukihama pamoja na glopu, darasa limeona lenyewe kwamba nafasi haina neno. Kinachotofautisha ni glopu.

Zikipangwa sambamba kuna mtego mwingine. Kitabu kinasema kila glopu itawaka kama ilivyowaka ikiwa peke yake. Lakini betri zikiwa zimechoka, ya kwanza itafifia kidogo pindi ya pili inapoongezwa. Sababu ni kwamba betri ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo ukizidi, sehemu kubwa zaidi ya volti hupotelea humo. Mwalimu asiyelijua hili atawaambia wanafunzi wachukulie kwamba mwanga umelingana, nao watajifunza kutoyaamini macho yao. Anayelijua ataweka betri mpya mbele yao, arudie, kisha awaulize betri kuukuu imekosa nini. Kipindi kizima kinaweza kuishia hapo kwa faida.

Upande wa kani, yaani kule kusukuma na kuvuta, mambo ni hayohayo. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anajua kwamba akiacha kusukuma, mkokoteni unasimama. Mtoto anayemtazama anahitimisha kwamba mwendo hauwezi kuwepo bila kani. Hitimisho hilo lina heshima zake. Aristotle alifundisha jambo linalokaribiana nalo. Ibn Sina, katika karne ya 11, alisema kitu kinachorushwa hupewa msukumo fulani unaobaki ndani yake, na Jean Buridan wa Paris akawa na wazo la aina hiyo katika karne ya 14. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anayedai kwamba mpira uliorushwa juu bado una nguvu ya mkono ndani yake hapaswi kuchekwa. Amefika mahali walipofika wanazuoni, na anahitaji kusaidiwa kufika kwa Newton, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1687.

Njia ya kumfikisha ni mishale. Mpe picha ya mpira katika sehemu tatu: ukipanda, ukiwa kileleni na ukishuka. Achore kani zote zinazoukabili, na kwa kila mshale ataje kitu kinachosukuma au kuvuta. Sharti hilo la pili ndilo lenye kazi. Mshale wa uzito una mwenyewe, ambaye ni dunia. Mshale wa mkono hauna, kwa sababu mkono umeshabaki chini. Tukiacha ukinzani mdogo wa hewa, kinachobaki katika sehemu zote tatu ni mshale mmoja unaoelekea chini, wenye urefu uleule, hata pale kileleni ambapo mpira hauendi juu wala chini. Kwa mkokoteni, mishale ya mlalo ni miwili: wa mikono na wa msuguano. Ukienda kwa mwendo usiobadilika, mishale hiyo inalingana. Mikono ikiondoka msuguano unabaki peke yake, na huo ndio unaousimamisha mkokoteni.

Swali gumu kuliko yote ni la kanuni ya tatu ya Newton. Fuso la tani 10 limegongana na bodaboda ambayo pamoja na dereva wake ina kilo 200. Kipi kimepata kani kubwa zaidi? Karibu darasa zima litasema bodaboda, na litashangaa kusikia kwamba kani ni sawa. Hapo hesabu inakuwa na maana. Tuseme kani hiyo ni nyutoni 20,000. Fuso linapata mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba, na abiria wake wanayumba. Bodaboda inapata mita 100 kwa sekunde mraba, zaidi ya mara kumi ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Kani moja, masi mbili, madhara tofauti kabisa. Kwa wasioridhika, unganisha mizani mbili za springi kwa ndoano zao, moja ashike mwanafunzi mwenye misuli na nyingine mdogo kuliko wote, wavutane. Mizani zitasoma sawa, yeyote anayeburutwa.

Je, ufundishaji wa namna hii unaleta tofauti inayopimika? Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 kutoka kozi 62 za shule na vyuo, waliopimwa kwa maswali ya kani yasiyo na hesabu kabla na baada ya masomo. Kozi za mhadhara wa kawaida ziliongeza kwa wastani asilimia 23 ya kile zilichoweza kuongeza. Zile zilizowapa wanafunzi nafasi ya kufikiri, kujadiliana na kupata majibu papo hapo ziliongeza asilimia 48.

Kwa Tanzania kuna la ziada. Fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mawazo tunayoyazungumzia yamejengwa nyumbani na barabarani kwa Kiswahili au lugha ya mama. Mwanafunzi anayelazimishwa kutabiri kwa Kiingereza atatoa sentensi ya kitabu, na mwalimu hatasikia anachokiwaza. Mabishano na yafanyike kwa Kiswahili. Maelezo ya mwisho yaandikwe kwa lugha ya mtihani.

Mtihani wenyewe ndio unaoamua mengi. Katika mtihani wa vitendo mwanafunzi anaweza kusoma ammita, kuchora grafu, kutafuta mteremko na kupata ukinzani sahihi, huku akiamini mwanzo hadi mwisho kwamba glopu inameza mkondo. Ongeza mstari mmoja: ammita ikihamishiwa upande wa pili wa glopu itasoma kiasi gani, na kwa nini? Swali la namna hiyo halidai maabara mpya wala kifaa cha ziada. Gharama yake iko kwa msahihishaji, ambaye itambidi asome sentensi badala ya kutazama tarakimu. Na kwa kuwa vipindi hufuata mtihani, mara litakapoanza kutolewa alama, walimu watakuwa na sababu ya kuliuliza darasani.