Umeambiwa una Sukari, Majibu Bado: Siku Hizo Utaishi Vipi?

Assalaam aleikum, nagaa, supa, ejok, na kama sijakusalimu kwa lugha yako nivumilie, Isiolo yetu ina lugha nyingi kuliko pumzi yangu. Karibuni tena katika kipindi cha afya ya jamii. Mimi ni muuguzi wenu. Mama uliye jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio, kwa sababu leo tunaongea juu ya ugonjwa wa kisukari, na hasa juu ya zile siku ambazo umeshaambiwa sukari yako iko juu, damu imetolewa, na umerudi nyumbani kungoja majibu.

Nitaanza na shangazi yangu. Amenipa ruhusa niseme, mradi nisimtaje jina.

Yapata miaka kumi iliyopita, nikiwa muuguzi mpya, shangazi alikuja kulalamika kiu. Alikuwa akinywa jagi zima la maji usiku na kuamka kwenda chooni mara tano au sita, na buibui lake lilikuwa limeanza kumpwaya. Nikamdunga kidole. Mashine ikasoma 17. Nikamwambia, "Shangazi, hii ni sukari." Alitolewa damu zaidi, nyingine ikapelekwa maabara ya mbali, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Nami nikamwambia neno moja tu: "Subiri."

Sikumwambia asubiri vipi. Hilo kosa ni langu, na ndilo limenileta mbele ya kipaza sauti leo.

Shangazi alisubiri kwa njia yake. Alisikia kwamba sukari inatokana na chakula, basi akaacha kula. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana hakuna kitu, jioni matonge mawili. Jirani yake, mama mwema kabisa, alikuwa na vidonge vya sukari alivyoandikiwa yeye mwenyewe. Akamkatia sita, akamwambia ameze viwili kila asubuhi. Siku ya tatu mjukuu alimkuta ameloa jasho kama aliyemwagiwa maji, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wakasema ni majini. Wengine wakataka asomewe kwanza. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyesema twende hospitali. Mashine safari hii ilisoma 1.9. Aliwekewa maji ya sukari kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi akafungua macho akauliza kwa nini tumemzunguka.

Dua ni njema, mama, na isomwe. Lakini isomwe mkiwa njiani, maana sukari ikishuka namna hiyo dakika zinahesabika.

Sasa tuelezane. Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni hili: unangoja majibu gani? Wengi hudhani wanangoja kuambiwa kama wana ugonjwa au hawana. Mara nyingi sivyo. Mtu mwenye kiu, mkojo wa mara kwa mara na kukonda, akipimwa saa yoyote na mashine ikasoma 11.1 au zaidi, na maabara ikathibitisha, huyo ana kisukari. Vivyo hivyo anayepimwa asubuhi kabla ya kula akapatikana na 7.0 au zaidi, ila kama hana dalili yoyote kipimo kitarudiwa siku nyingine kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, hili limeshajulikana au bado tunathibitisha?" Ni haki yako kujua.

Majibu yanayochelewa mara nyingi ni ya mambo mengine. Moja ni kipimo cha miezi mitatu. Kwenye fomu kimeandikwa HbA1c. Sukari iliyo kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Kwa hiyo ukiipima leo unaona jinsi sukari ilivyokuwa ikienda kwa miezi miwili, mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki, maana nawajua, mnafanya hivyo! Lakini kinaweza kupotoka kama una upungufu mkubwa wa damu, kama uliongezewa damu karibuni, kama una seli mundu, au kama ni mjamzito. Mambo hayo yaseme mapema, usingoje kuulizwa. Vipimo vingine ni vya figo na mafuta ya damu. Figo zinaangaliwa kwa sababu dawa nyingine za sukari hazifai kwa figo zilizochoka.

Ndiyo maana kabla hujatoka pale kliniki, uliza swali ambalo shangazi hakuuliza na mimi sikumjibu: "Naanza dawa leo, au nangoja majibu?" Ukipewa dawa leo, meza kama ulivyoelekezwa. Usipopewa, usiazime. Dawa ya jirani yako imepimwa kwa mwili wa jirani, chakula cha jirani na figo za jirani.

Hakikisha pia fomu ina namba yako ya simu. Kama huna simu, toa ya mtoto au ya mwenye duka. Anayetoka Merti au Oldonyiro amelipa nauli ya kutosha. Si haki afike aambiwe majibu bado. Piga kwanza. Na kama hujajiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, tumia siku hizi za kungoja kufanya hivyo.

Haya, chakula. Usiache kula. Kula mara tatu, kiasi cha kawaida. Ninachokuomba utoe leo leo ni sukari ya kikombe. Hebu tuhesabu pamoja: vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku, hivyo ni vijiko 20, karibu gramu 80, na bado hatujagusa soda. Soda ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi. Wale wanaokula miraa wanajua ninaongea na nani, soda mbili na chai ya majani hapo katikati. Asali nayo ni sukari, hata ikiwa ya nyuki wa porini.

Ugali, wali, anjera, pasta na chapati vipunguze, usivifute. Sahani yako igawe hivi: nusu iwe mboga kama sukuma wiki, kabeji au mchicha, robo iwe ndengu, maharagwe, mayai au nyama, na robo inayobaki ndiyo ugali au wali. Najua mboga hapa kwetu hukauka bei ikapanda wakati wa ukame. Basi ongeza ndengu, upunguze wali. Usipike chungu chako peke yako kama mtu aliyetengwa; chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

Maziwa ya ngamia nimeulizwa mara nyingi mno. Haya maziwa yetu yanayopanda basi kwenda Eastleigh ni chakula kizuri, kunywa bila sukari. Lakini yachemshe, kwa sababu ya homa ya maziwa mabichi, brusela, na usiyafanye badala ya dawa.

Kunywa maji kila ukisikia kiu. Usijinyime ili upunguze kwenda chooni. Kama macho yanaona ukungu, usikimbilie kununua miwani: sukari ikiwa juu huvimbisha lenzi ya jicho, na ikishatulia kwa wiki kadhaa macho hubadilika tena. Miwani ya leo itakuwa hasara. Miguu nayo iangalie kila jioni, na usitembee peku. Miiba ya mgunga haiulizi kama una sukari, lakini kidonda chake kwa mwenye sukari huchelewa kupona. Hata akala ni afadhali.

Mwezi wa Ramadhani ukikukuta katika kungoja huku, usianze kufunga kabla hujaongea na daktari. Mgonjwa ana ruhusa, mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa mama, sikiliza hapa zaidi ya kote. Kuna watu wasiotakiwa kungoja hata siku moja. Wa kwanza ni mtoto. Mtoto anayekunywa maji sana, anayekonda, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, na sukari yake imepatikana juu, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Sukari ya watoto mara nyingi ni ile inayohitaji insulini, na bila insulini hali hubadilika kwa siku chache, wakati mwingine kwa saa. Mwingine ni mama mjamzito. Yeye aende kliniki kesho asubuhi, sio tarehe ya mbali iliyoandikwa kwenye kitabu. Na mtu yeyote mwenye sukari anayetapika, anayeumwa tumbo, anayehema kwa nguvu na kwa kina, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, au anayesinzia kupita kawaida, huyo asingoje karatasi.

Kwa anayetumia dawa, mkimwona anatetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, mpeni chai yenye vijiko vinne vya sukari au nusu glasi ya soda, kisha ale. Akiwa amezimia, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na tafuteni gari.

Moyo nao unaumwa siku hizo. Shangazi aliniambia baadaye kwamba kilichomtesa zaidi kilikuwa usiku, akiwaza nani atalea wajukuu. Hakumwambia mtu. Kama mume, dada au binti yupo, mwambie usiku wa kwanza, na umwombe akusindikize siku ya majibu, maana masikio mawili yenye hofu husikia nusu tu ya maneno ya daktari. Andika maswali yako kwenye karatasi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto.

Majibu ya shangazi yalikuja siku ya 16. Asilimia 10.4, figo salama. Alianza dawa, na bado anaimeza. Jumapili iliyopita nilimkuta anamkatalia jirani yule yule vidonge vya presha.

Wiki ijayo tutaongea juu ya kutunza insulini katika joto hili letu, kwa wale wasio na friji. Tayarisheni chungu na mchanga. Kwaherini.